Ousmane Sembène: Mwandishi Aliyewafuata Wasiojua Kusoma

Katika filamu ya La Noire de…, iliyotoka mwaka 1966, lipo tukio ambalo kila nikilitazama hunikaa rohoni. Diouana, msichana wa Dakar, yumo ndani ya ghorofa katika mji wa Antibes, kusini mwa Ufaransa. Mabwana zake walimleta huku akijua anakuja kulea watoto; sasa anapika, anafua, anapiga deki, na Ufaransa aliyoiota anaiona dirishani tu. Siku moja inafika barua kutoka kwa mama yake. Diouana hajui kusoma, kwa hiyo anayeifungua na kumsomea ni bwana mwenye nyumba. Barua inamlaumu kwamba amewasahau watu wa nyumbani. Bwana anachukua karatasi na kalamu, na kwa kujiona anamsaidia, anaanza kuandika majibu: kwamba yeye hajambo, kwamba mambo ni mazuri. Diouana amekaa palepale mezani, hajafungua kinywa, na tayari maneno yake yamekwisha kuandikwa na mtu mwingine. Anainyakua barua ya mama yake na kuichana vipande vipande.

Ukimtazama vizuri mama mtu utagundua kwamba naye hajui kuandika. Barua ile ilikuwa imepita mikononi mwa mwandishi mwingine kabla ya kuvuka bahari. Wanawake wawili, mama na mwana, wanatafutana kwa karatasi ambayo hakuna hata mmoja wao anayeweza kuisoma. Ousmane Sembène aliyeandika skripti hii na kuiongoza filamu anaonekana humo humo kwa dakika chache, amevaa kama mwalimu wa mtaani, kiko mdomoni. Ni kama anakiri mbele ya watazamaji kwamba yeye ndiye yule anayewaandikia wengine, na kwamba kazi hiyo ina hatari yake.

Kwangu mimi, maisha yote ya Sembène yamo ndani ya tukio hilo. Kutoka kitabu chake cha kwanza hadi filamu yake ya mwisho aliuliza jambo lile lile: mtu asiyejua kusoma anaishije katika nchi inayotawaliwa kwa karatasi, na nani atamsemea bila kumpokonya maneno yake?

Alizaliwa Januari 1923 huko Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, kusini mwa Senegal, mtoto wa mvuvi. Shule hakuimaliza, alifukuzwa baada ya kugombana na mwalimu mkuu. Akaenda Dakar, akawa mwashi, akawa fundi makenika, na jioni akipata vijisenti akawa anaingia sinema. Baadaye alisimulia kwamba filamu iliyomtia moto utotoni ni ile iliyopigwa kwenye michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, kwa sababu ndani yake alimwona Jesse Owens, mtu mweusi, akiwapita wote. Filamu ile ilitengenezwa chini ya utawala wa Hitler na mwongozaji wake alikuwa Leni Riefenstahl. Mtoto wa Senegal hakushughulika na nia ya waliomlipa mwongozaji. Aliona alichokihitaji, na hapo akajifunza mapema kwamba picha haimtii aliyeitengeneza peke yake.

Mwaka 1944 aliitwa katika jeshi la Ufaransa. Vita vilipokwisha akarudi Dakar, hakukaa sana, akavuka bahari hadi Marseille na kuwa kuli wa bandarini. Maisha ya Marseille ndiyo yaliyomwandika Sembène tunayemjua. Alijiunga na chama cha wafanyakazi cha CGT, kisha akaingia Chama cha Kikomunisti. Mwaka 1951, akipakua mizigo, aliumia uti wa mgongo. Mwili uliposhindwa kubeba magunia, akageukia vitabu, na maktaba ya chama cha wafanyakazi ikawa ndiyo sekondari na chuo kikuu chake. Alisoma usiku kucha, akatafuta humo watu wanaofanana naye, Waafrika wanaofanya kazi kwa mikono, na akawakuta wachache mno. Akaamua kuwaandika mwenyewe.

Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Mhusika wake mkuu, Diaw Falla, ni kuli mweusi wa Marseille ambaye usiku anaandika riwaya. Anampa muswada mwanamke Mfaransa amtafutie mchapishaji. Mwanamke anauchapisha kwa jina lake mwenyewe na kupata sifa. Falla anapomkabili, mwanamke anakufa, na mahakama inakataa kuamini kwamba kuli mweusi angeweza kuandika kitabu. Wahakiki wengi wameona riwaya hii ina kasoro za mwanzoni, na ni kweli. Lakini angalia kilichoibwa: ni karatasi. Mwandishi mpya, ambaye hakumaliza shule, tayari alikuwa ameshika uzi ambao angeufuata kwa karibu miaka hamsini.

Mwaka 1960 ikaja kazi yake kubwa, Les bouts de bois de Dieu, kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger ulioanza Oktoba 1947 na kuendelea hadi Machi 1948. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu kwa tafsiri yake ya Kiingereza, God's Bits of Wood. Wanawake katika riwaya hiyo wanaanza wakiwa nyuma ya waume zao na kuishia kutembea kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar, wakilazimisha wakubwa kusikiliza. Sijui riwaya nyingi za Kiafrika zilizoonesha kwa subira kiasi kile namna watu wa kawaida wanavyojifunza kuwa na nguvu.

Sasa Sembène alikuwa na miaka 37, mwandishi mwenye jina. Angeweza kubaki Ufaransa akaishi kwa heshima. Akarudi Afrika, nchi zikiwa ndiyo kwanza zinapata uhuru, akazunguka Afrika Magharibi na kufika hadi Kongo. Katika safari hizo ukweli mmoja ulimwelemea: wanawake wale aliowaandika wakitembea kutoka Thiès hadi Dakar hawawezi kukisoma kitabu kinachowahusu. Wao hawakusoma, na Kifaransa hawakijui. Kitabu kilichowatukuza kilikuwa kinazungumza juu yao mbele ya watu wengine.

Mtu mwingine angejifariji kwamba iko siku watasoma. Sembène, akikaribia miaka 40, alirudi kuwa mwanafunzi. Alikwenda Moscow, katika studio ya Gorky, kufundishwa utengenezaji wa filamu chini ya Mark Donskoy, mwongozaji mashuhuri wa Kisovieti. Fikiria mtu mwenye riwaya tatu na vitabu vilivyotafsiriwa, amekaa darasani katika baridi ya Urusi, anaanza upya kujifunza mahali pa kuweka kamera. Katika maisha yake yote, uamuzi huo ndio ninaouheshimu kuliko mwingine wowote.

Alirudi Dakar na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika zipatazo ishirini. Inamfuata mwenye mkokoteni wa farasi siku moja nzima. Anaswali alfajiri, anatoka kutafuta riziki, na kila abiria anampa sura moja ya Dakar: asiye na kazi, mama mjamzito anayekwenda kujifungua, mghani anayemsifu kwa nasaba tukufu ya mababu zake mpaka anampa fedha zote alizochuma. Kisha anampakia baba aliyebeba maiti ya mtoto wake. Wanafika makaburini, mlinzi anaomba karatasi, anazisoma, anasema hazijakamilika. Baba anabaki nje ya lango na maiti ya mwanawe. Mwenye mkokoteni anaondoka kwa sababu na yeye ana familia.

Mchana kijana mmoja mwenye suti anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Polisi anamsimamisha na anaanza kuandika. Medali ya vita ya mwenye mkokoteni inaanguka chini, na polisi anaikanyaga kwa buti. Mkokoteni unachukuliwa, abiria ameshapotea bila kulipa. Mtu anarudi nyumbani mikono mitupu akimvuta farasi wake. Mkewe hamlaumu. Anamkabidhi mtoto na kutoka nje, akimwambia kwamba usiku huu watakula. Filamu inaishia hapo, na haisemi mama yule amekwenda wapi. Mwandishi wa skripti asiyejiamini angeongeza ukurasa mwingine wa kueleza. Sembène alijua kwamba mtazamaji wa Dakar hahitaji kuelezwa njaa.

Kwa La Noire de… alianza na hadithi fupi aliyokwisha kuichapisha mwaka 1962, iliyotokana na habari ya kweli ya gazetini. Aliomba msaada katika ofisi ya filamu ya Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa ikitoa fedha kwa watengenezaji wengi wa makoloni ya zamani, na skripti yake ikakataliwa. Akaitengeneza hivyo hivyo kwa fedha kidogo. Diouana aliigizwa na Mbissine Thérèse Diop, mshonaji wa nguo ambaye hakuwa amewahi kusimama mbele ya kamera. Filamu ikapata tuzo ya Jean Vigo huko Ufaransa, na mwaka huo huo wa 1966 ikachukua Tanit ya Dhahabu katika tamasha la kwanza la Carthage, Tunisia.

Hata hivyo ndani ya ushindi huo mlikuwa na mwiba. Mawazo ya Diouana tunayoyasikia katika filamu yanasemwa kwa Kifaransa, kwa sauti ya mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Msichana asiyejua Kifaransa anawaza kwa Kifaransa. Bwana wa Antibes alimwandikia Diouana barua kwa lugha isiyo yake. Filamu nayo, kwa kiasi fulani, ilikuwa imemtendea vivyo hivyo. Sembène mwenyewe aliliona hilo, na filamu iliyofuata ikawa jibu lake.

Mandabi, ya mwaka 1968, ilipigwa kwa matoleo mawili, moja la Kifaransa na jingine la Kiwolofu, na hilo la Kiwolofu ndilo lililodumu. Inafunguka kwa kinyozi chini ya mti. Kamera inakaribia sana: wembe unapita kichwani, kisha unaingizwa puani kukata vinywele, polepole, kwa ufundi, na mteja ametulia tuli kama mtu anayeheshimiwa. Mteja huyo ni Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto saba, kanzu pana na hatua za taratibu. Siku hiyo posta inaleta hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Fedha nyingi si zake. Faranga 20,000 ni za kumwekea kijana, 3,000 ni za mama wa kijana, na zake Dieng ni 2,000.

Kabla hajaigusa hata faranga moja, mtaa mzima umeshajua. Wake zake wameshakopa mchele dukani. Majirani wanakuja kukopa, mwenye duka anakuja kudai, imamu anakuja kuomba. Dieng anakwenda posta: alete kitambulisho. Anakwenda polisi: alete cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Anakwenda ofisi ya mji: alizaliwa tarehe gani? Hajui, anajua mwaka kwa kukisia. Anakwenda kwa mpiga picha: fedha zinaliwa, picha hazitoki, na akilalamika anapigwa mpaka anatoka damu puani. Mwisho anajitokeza ndugu msomi, mwenye gari na suti, anayejua njia za ofisini. Dieng anatia saini karatasi ya kumpa idhini. Ndugu anachukua hawala, anarudi na gunia la mchele, na anaeleza kwamba fedha zimeibwa na mchomoa mifuko.

Nani katika nchi zetu asiyemjua Dieng? Kila aliyewahi kuambiwa njoo kesho, kila aliyefuatilia mafao ya mzazi marehemu, kila aliyesimama dirishani na karatasi tisa akaambiwa inakosekana ya kumi, anajua safari ile hatua kwa hatua. Uzuri wa skripti ya Sembène ni kwamba hakumpamba Dieng. Mzee ni mvivu, anapenda kusifiwa, anawafokea wake zake, na wake zake wana akili za maisha kuliko yeye. Tunamcheka nusu ya kwanza ya filamu. Nusu ya pili kicheko kinatukauka, kwa sababu kosa lake kubwa limebainika kuwa ni kukosa tarehe ya kuzaliwa. Toleo la Kiwolofu la filamu hii huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza katika lugha ya Afrika Magharibi. Watu wa Dakar walijisikia wenyewe kwenye kioo cha sinema, na hiyo peke yake ilikuwa habari kubwa.

Kuanzia hapo kila hadithi ilipata lugha ya watu wake. Emitaï, ya mwaka 1971, kuhusu wanakijiji wa Casamance wanaoficha mchele wao usichukuliwe na jeshi la Kifaransa, ilizungumza Kidiola. Katika Xala, ya mwaka 1975, tajiri mpya El Hadji Abdoukader Beye anaoa mke wa tatu na kujikuta hana nguvu za kiume. Gari lake la Mercedes linatiwa maji ya chupa kutoka Ufaransa. Binti yake Rama anamsemesha kwa Kiwolofu na yeye anajibu kwa Kifaransa. Anapokuja kuanguka, wenzake katika baraza la wafanyabiashara wakimtupa nje, ndipo anataka kujitetea kwa Kiwolofu, na wanamkatalia. Wakaguzi wa filamu wa Senegal walikata sehemu kadhaa kabla ya kuiruhusu. Sembène aligawa vipeperushi vinavyoeleza nini kimekatwa.

Ceddo, ya mwaka 1977, ilimletea tabu kubwa zaidi. Inasimulia kijiji cha zamani kinachobanwa na biashara ya utumwa, mmisionari wa Kikristo na imamu anayenyakua utawala. Serikali ya Rais Senghor wa Senegal iliizuia, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa tahajia: sheria ilitaka jina liandikwe kwa d moja, Sembène aling'ang'ania mbili. Hakukubali kuondoa herufi, na filamu haikuoneshwa Senegal mpaka Senghor alipokwisha kuondoka madarakani. Najua filamu hii inaweza kumuumiza msomaji Mwislamu, na sisi wa pwani tuna haki ya kuijadili kwa uzito. Namwomba msomaji huyo aitazame pamoja na zilizofuata. Katika Guelwaar, ya mwaka 1992, maiti ya Mkatoliki imezikwa kwa makosa katika makaburi ya Waislamu, na imamu ndiye anayesimama kwa ujasiri kuwazuia watu wasimwage damu. Sembène hakuwa adui wa dini. Alikuwa adui wa mtu yeyote anayetumia kitabu kuwanyamazisha wasiojua kukisoma.

Mwaka 1988, pamoja na Thierno Faty Sow, aliongoza Camp de Thiaroye. Tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye nje ya Dakar, wanajeshi wa Kiafrika waliorudi kutoka katika kambi za mateka huko Ulaya walidai malimbikizo ya mishahara yao. Jeshi la Ufaransa, jeshi walilolipigania, likawamiminia risasi. Taarifa rasmi zilisema walikufa 35, na ziliita madai yao uasi. Sembène mwenyewe alikuwa ameingia jeshini mwaka huo huo. Filamu ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Senegal, Algeria na Tunisia, bila fedha za Ufaransa, ikapata Tuzo Maalumu ya Majaji huko Venice, na ikachukua miaka mingi kabla ya kupata nafasi katika majumba ya sinema ya Ufaransa. Mwezi Novemba 2024 Rais wa Ufaransa alikiri kwa maandishi kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki. Filamu ilikuwa imeshasema hivyo kwa miaka 36. Pale nyaraka za serikali zilipodanganya, skripti ya mtoto wa mvuvi ilihifadhi ukweli.

Filamu yake ya mwisho, Moolaadé, ilitoka mwaka 2004, akiwa na miaka 81. Aliipiga katika kijiji cha Burkina Faso, mbali na mji. Wasichana wanne wanakimbia ukeketaji na kuomba hifadhi kwa Collé, mwanamke ambaye alikwisha kukataa binti yake akeketwe. Collé anachukua kamba ya rangi na kuifunga mlangoni kwa ua wake, chini kabisa, hata mtoto anaweza kuiruka. Hakuna anayethubutu. Wazee wanakuja, wanawake wakeketaji wanakuja na kanga zao nyekundu, wote wanasimama mbele ya ile kamba. Sheria ya hifadhi haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Wanaume wanakusanya redio za wanawake na kuzichoma mbele ya msikiti, kwa sababu redioni wanawake wamesikia kwamba dini haiamrishi jambo lile. Collé anachapwa viboko hadharani ili atamke neno la kuondoa hifadhi. Hatamki.

Ukizipanga filamu hizi kwa miaka utaona alikotoka na alikofika. Mwaka 1963 baba anazuiwa kumzika mwanawe kwa sababu ya karatasi. Mwaka 1968 mzee anaibiwa kwa karatasi. Mwaka 2004 mwanamke asiye na cheti wala stempu anaulinda uhai wa watoto kwa sheria ya watu wake mwenyewe, na anashinda. Sembène alitumia miaka arobaini kufika kwenye ile kamba.

Alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007. Aliacha skripti kubwa ambayo hakuwahi kupata fedha za kuitengeneza, kuhusu Samori Touré, mtawala aliyepigana na Wafaransa kwa miaka mingi mwishoni mwa karne ya 19. Aliacha pia namna ya kufanya kazi. Alisema kwamba sinema ni shule ya jioni, na aliichukulia kauli hiyo kama ratiba. Alibeba filamu zake vijijini, akazionesha, kisha akakaa na watu kuzijadili hadi usiku. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa tamasha la Ouagadougou, FESPACO, mwaka 1969. Na mwanzoni mwa miaka ya 70 alishiriki kuanzisha Kaddu, gazeti la Kiwolofu, kwa maana mapenzi yake ya filamu hayakumfanya akate tamaa na maandishi. Alitaka watu wake wapate vyote viwili.

Afrika Mashariki inamdai na yeye anatudai. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyepita njia inayofanana na yake kwa kuacha kuandika riwaya kwa Kiingereza, alishirikiana na Manthia Diawara kutengeneza filamu ya kumbukumbu juu ya Sembène mwaka 1994. Walimtambua kama mzee wa ukoo. Je, sisi tunaotumia Kiswahili tumejifunza nini kwake?

Alichokipigania kwa jasho, sisi tumekirithi. Mwongozaji wa Kiswahili anaweza kupiga filamu moja ikaeleweka Lamu, Tabora, Bujumbura na Lubumbashi. Na hamu ya watu inajulikana. Kwa miaka mingi vibanda vya video vilijaa watu waliokwenda kuisikia sauti ya marehemu Lufufu ikiwasimulia kwa Kiswahili filamu za Marekani, Uhindi na China. Watu walilipa ili hadithi ya ugenini iwafikie kwa lugha yao. Filamu ya Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 ilituonesha kwamba dawa za jadi zinaweza kusimuliwa kwa utulivu na heshima. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ilithibitisha kwamba fasihi yetu ina hazina ya skripti.

Kinachopungua ni subira ya kuandika. Filamu zetu nyingi hupigwa kwa haraka, mwandishi wa skripti akiwa wa mwisho kuitwa na wa mwisho kulipwa. Kamera siku hizi ni rahisi kupatikana, na hivyo tunaiwasha kabla hatujajua mhusika wetu anatafuta nini. Sembène alianza na kamera moja kuukuu na mikanda ghali ya filamu ambayo hakuweza kuipoteza, kwa hiyo kila tukio lilikuwa limekwisha kupimwa kwenye karatasi. La Noire de… na Mandabi zilikuwa hadithi zilizochapishwa kabla hazijawa filamu. Aliyaishi maisha ya Diouana na Dieng kwa kalamu kwanza, akawajua mpaka udhaifu wao, ndipo akawaita waigizaji.

Nasema haya kwa upendo kwa vijana wanaoandika skripti leo Dar es Salaam, Mombasa, Goma na Zanzibar. Msiwaandikie majaji wa matamasha ya Ulaya, na msiwaandikie watazamaji mnaodhani hawana akili. Mwandikieni mzee aliye kwenye foleni ya kitambulisho na mama aliye mbele ya mlango wake, kwa Kiswahili wanachokisema wao, na mwape muda mrefu mezani kabla ya kuwapeleka mbele ya kamera.

Na kwa wenye vituo vya televisheni, waandaaji wa matamasha na wizara zinazosimamia utamaduni: filamu kadhaa za Sembène zimekwisha kusafishwa upya na zinapatikana. Zinunuliwe haki zake, zitiwe sauti ya Kiswahili, zioneshwe mashuleni na vijijini, na watu wapewe nafasi ya kuzijadili baada ya kuzitazama. Tuanze na Borom Sarret, dakika ishirini tu. Mwandishi huyu alitumia maisha yake yote kuwafuata watu waliko. Kwetu bado hajafikishwa inavyostahili, na kazi ya kumfikisha ni yetu.